Siku Kigoda Kilipoenda Uhuru Park

Ireri, mwanangu na baba yangu,

Nimekaa hapa uani na ungo wa ndengu mapajani, najifanya napepeta. Wewe umeenda kumuaga ndugu yako mkubwa, na baba yako anatafuta kamba ya kufunga lile begi lako lililokufa zipu. Mkirudi mtanikuta napepeta kweli, kama mama asiye na neno. Barua hii nitaisukuma ndani ya kiatu chako cheusi, kwa sababu hicho najua utakivaa Jumatatu hata kama mbingu itaanguka Jumapili.

Nakuandikia Kiswahili. Kimbeere nikikiandika utakwama mstari wa kwanza uanze kucheka, na Kiingereza chenu cha chuo mimi kinanipita juu ya kichwa. Kiswahili nilikipata Nairobi nikiwa na umri wako, kwa hiyo kinajua hadithi hii kuliko hizo lugha zingine.

Usiogope, sitakuambia ufunge mlango, wala ule mboga, wala usimwonyeshe mtu simu yako barabarani. Hayo nimeyasema mpaka sasa unanimalizia sentensi. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilosema jana tukila. Nilikuuliza, "Ireri, nije Nairobi lini kukuona?" Nawe ukaangalia sahani ukasema, "Mama, usije saa hii. Wacha kwanza nijipange. Nikijipanga nitakuita."

Baba yako akacheka, nami nikacheka, ukadhani yamekwisha. Haki ya Mungu hayakuisha. Halafu leo asubuhi nakwenda nyuma ya ghala kuchukua jembe, nakuta kigoda cha babu yako kimesimama pale kama kuku aliyefukuzwa jikoni. Nilikuwa nimekiweka juu ya mizigo yako kwa mikono yangu. Ulikitoa ukakificha, na ukanisalimia na tabasamu! Sikukasirika. Sawa, nilikasirika, lakini ilipofika saa ya chai nilikuwa nimebaki na woga tu. Ninaogopa hilo neno lako, baba. Ninaogopa utajipanga, ujipange, ujipange, na mimi niko hapa Ishiara nangoja kuitwa.

Kwa hiyo nitakwambia hicho kigoda kimefika wapi. Wewe unakijua cha kukalia ukifunga kamba za viatu. Hukijui.

Nilipokuwa na umri wako nilikuwa nikishona katika kiwanda kimoja Nairobi. Nikisema nashona, usifikirie nguo. Nilishona kola. Mwingine alishona mikono, mwingine vifungo, na mimi kola, kola, kola, hata nikilala naziona. Tulikaa wasichana wanne katika chumba kimoja chenye vitanda viwili na jiko la mafuta ya taa. Niliyelala naye kitanda kimoja alikuwa Akoth, msichana wa Siaya, mrefu, miguu yake ilinipiga mateke usiku kucha, na sijapata rafiki mwingine kama yeye.

Siku moja mama mmoja wa kuuza maembe akaniletea neno kutoka nyumbani: Baba yako anakuja Jumapili kukuona. Hakuuliza kama ninataka. Alisema anakuja.

Nilikaa kitandani nikashika kichwa. Unajua kwetu baba haingii anapolala binti yake, na kukalia kitanda chake ndiyo kabisa, afadhali akalie moto. Na chumba chetu kilikuwa na nini kingine? Vitanda! Ukifungua mlango unaingia kitandani. Sasa mzee wa kanisa, mtu wa kofia, nimkalishe wapi? Juu ya jiko? Nikamwambia Akoth kwamba nitatuma neno niko mgonjwa.

Akoth akanipiga kofi la begani. "Wewe ni mjinga ama umelala? Mpeleke Uhuru Park. Nyasi ni bure, upepo ni bure, kuangalia watu ni bure. Boti peke yake ndiyo ya kulipa."

Basi wiki hiyo sikununua mkate wa asubuhi, nikaweka pesa ya boti. Niliona picha yote kichwani: mimi na baba juu ya maji, yeye ameshika kofia, akirudi Mbeere anaambia watu, msichana wangu amenipandisha boti Nairobi.

Jumapili nikamngoja stejini. Akashuka na koti lake la kanisa, kofia, kiondo kimejaa, kibuyu cha asali kinaning'inia begani, na kwapani, Ireri, kwapani amebana kigoda. Hicho hicho cha miguu mitatu.

"Baba, kigoda ni cha nini?"

"Kwani mimi najua kama una kiti?"

Mimi nilikuwa nimeteseka wiki nzima nikificha kwamba sina pa kumkalisha, na yeye alikuwa amelijua jambo hilo tangu nyumbani, akabeba dawa yake mwenyewe, na hakuniuliza zaidi. Mpaka leo nikikumbuka namshukuru. Lakini siku hiyo, nitakwambia ukweli, tulipovuka mji kwa miguu, watu wakigeuka kumwangalia mzee wa kigoda, mimi nilitangulia mbele kidogo kama mtu aliyeambiwa tu aonyeshe njia. Ndiyo, mimi huyu huyu wa kusema watu. Alikuwa ananiita kwa sauti, "Mama! Mama, pole pole!" na watu wanamtafuta huyo mama yake yuko wapi. Unajua nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe aliniita mama, kama mimi ninavyokuita baba kwa sababu jina lako ni lake. Nairobi hawakujua hayo. Waliona babu mzima anamlilia msichana wa sketi.

Tukafika ukingoni mwa bustani, mahali nyasi zinapoanza. Mimi nikaingia. Nikageuka, hayupo. Amesimama kwenye lami, kigoda kwapani, ameondoa kofia.

"Wenyewe wako wapi?" akauliza.

"Wenyewe gani, baba?"

"Wa hapa. Siwezi kuingia boma la watu bila kukaribishwa."

Nikamwambia hakuna mwenyewe, ni mahali pa kila mtu. Akacheka kile kicheko chake cha puani. Ujue, miaka hiyo huku kwetu ndiyo mashamba yalikuwa yanapimwa. Pale mbuzi walipolala miaka yote pametiwa vigingi, na kila kipande kimepata jina la mtu, na ndugu hawasalimiani kwa ajili ya mpaka. Sasa mimi namwonyesha nyasi zile zote, kijani, hazina mbuzi hata mmoja, na namwambia hazina mwenyewe! "Kitu cha kila mtu," akasema, "siku moja mwenyewe hutokea." Na hakukanyaga.

Nilimsihi nikachoka. Ningemburuta, lakini baba haburutwi. Bahati nzuri palikuwa na mama mmoja akifagia majani. Alikuwa amesikia yote. Akasimamisha fagio lake akasema kwa sauti, "Mwenyewe leo ni mimi. Karibuni, karibuni ndani!"

"Asante, mwenyewe," babu yako akasema, akampa mkono, akavaa kofia, akaingia kama mtu aliyealikwa harusini. Yule mama alicheka mpaka akashika kiuno, lakini mkono aliupokea kwa mikono miwili.

Akaweka kigoda mahali pa wazi, akakaa. Mimi nikatandika leso kando yake. Nikamwonyesha boti, nikasubiri afurahi. Aliangalia yale maji muda mrefu. Wewe umekulia hapa kwenye bomba, lakini sisi tuliteka maji mtoni na mtungi mgongoni, na mto wenyewe wakati wa kiangazi unachimba mchanga ndiyo upate. "Maji haya yote," akasema, "watu wanayakalia?" Nikasema ndiyo, tunalipa, tunazungushwa, tunarudi pale pale. "Kama tunarudi pale pale, si tukae?"

Ireri, nilitaka kulia. Nikamwambia, kwa hasira ya kitoto, "Sina kitu kingine cha kukuonyesha, baba. Ni hiyo tu niliweza."

Akanigeukia na kigoda chake chote. "Kwani nilikuja kuona pesa, ama nilikuja kukuona?" Basi. Akafungua kiondo akatoa githeri, mahindi na maharagwe ya kutosha kijiji, maana mama yangu alidhani Nairobi hakuna chakula kabisa.

Tulikuwa hatujamaliza kijiko cha kwanza akaja bwana mmoja, amevaa tai. Akachuchumaa mbele ya babu yako, akasalimia kwa heshima. "Mzee, unatoka wapi?"

"Mbeere," akajibu kwa fahari.

Hapo ndipo tulipoharibu. Unajua majirani zetu wanavyosema juu yetu, kwamba mzee wa Mbeere akitoka nyumbani na kibuyu, ni mganga. Yule bwana akasogea, akashusha sauti, akasema mgongo wake unamsumbua tangu Krismasi. Akaja mama mwenye mtoto. Wakaja vijana wawili. Wakaona mzee juu ya kigoda, kibuyu mbele yake, mtu amechuchumaa, nani asingekuja? Kufumba na kufumbua tumezungukwa. Wengine walidhani ni mahubiri na wakavua kofia.

Na babu yako hajui lolote! Anampa kila mtu mkono, anamuuliza kwao ni wapi na mvua ilinyesha vipi. Akaniinamia akanong'ona, "Mama, kumbe watu wa Nairobi wana heshima hivi? Na huko nyumbani wanasemwa vibaya."

Ndipo akatokea askari wa bustani. Enzi zile watu wakikusanyika kidogo tu lazima wewe ueleze. Akasema, kwa upole lakini amesimama wima, "Mzee, huu mkutano una kibali?"

"Mkutano gani? Mimi nimekuja kumtembelea mama yangu."

Askari akatazama huku na huku akitafuta bibi kizee. "Mama yako yuko wapi?"

"Si huyu hapa," na ananionyesha mimi, nina githeri shavuni.

Walicheka wote, hata mtoto mgongoni alicheka. Nikasimama nikaeleza mambo ya jina, na nikaeleza kwamba baba yangu si mganga, ni mzee wa kanisa, na kwamba kibuyu ni asali. Yule wa tai aliona haya mpaka nikamhurumia. Babu yako alipoelewa kwamba alikuwa amefanywa mganga, nilidhani atawaka. Alimwangalia yule bwana, akasema, "Mimi mwenyewe mgongo unaniuma. Lakini lamba asali, angalau mdomo upone." Akammiminia kiganjani. Askari akasema hata kwao mtoto huitwa mama, akapokea githeri kwenye kifuniko cha sufuria, akala amesimama, kwa sababu alikuwa kazini. Wengine wakala wamekaa. Kiondo kikaisha.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wale waliokuja kutibiwa walienda na migongo yao vile vile. Mimi ndiye niliyepona. Nilikuwa mtoto wa kola, sijulikani na mtu, na siku hiyo nusu ya Uhuru Park walikula chakula cha mama yangu na kunisalimia kwa jina.

Jioni nikamsindikiza stejini, na safari hii nilitembea naye bega kwa bega. Akapanda gari, halafu akanyoosha mkono dirishani na kile kigoda. "Shika. Sasa una kiti. Nikija tena sitabeba." Pesa ya boti nilirudi nayo, nikanunua mkate na maziwa, tukala na Akoth tukipokezana kukalia kigoda.

Alikuja tena, mara nyingi tu. Nikipata neno kwamba anakuja, Jumapili nabeba kigoda mimi, na sitangulii mbele. Na kila mara alisimama pale pale ukingoni, akaondoa kofia, akauliza wenyewe wako wapi. Ilikuwa imekuwa mchezo wetu. Namjibu, "Wenyewe ni sisi. Karibu." Ndipo anaingia. Hatukupanda boti hata siku moja. Tulikaa, tukala, tukaangalia watu, akaniuliza habari za kola na nikamweleza, na alisikiliza kana kwamba ni habari za serikali.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika. Ulikuja mwaka kiwanda kikafungwa. Nikawa nafua nguo za watu, nimekonda, viganja vimepasuka. Nikapata neno kwamba anakuja. Siku zile hatukusema kujipanga, tulisema mambo yakinyooka. Nikamtumia jibu: Baba, usije kwanza. Mambo yakinyooka nitakuita. Yeye alikuwa mtu wa kutii mwenyeji. Hakuja. Hakuuliza.

Ilichukua muda, zaidi ya nilivyodhani. Mpaka nikapata kazi, mpaka nikanenepa kidogo, mpaka nikanunua gauni. Ndipo nikamwita. Alishuka kwenye gari ameshikwa mkono na kijana wa kondakta, na anakanyaga hewa kabla ya kukanyaga ardhi. Macho yalikuwa yamekwisha, Ireri. Yalianza kufifia mwaka ule ule niliomkataza, na alikataa niambiwe.

Nilimpeleka kwa sababu alitaka kwenda. Ukingoni akaondoa kofia, akauliza swali lake, nikamjibu, sijui kwa sauti gani. Nikamkalisha kwenye kigoda. Nilikuwa nimevaa gauni jipya la maua, nimesuka nywele. Akasema, "Lete mkono." Akaushika hapa kwenye kifundo, akaupima kwa vidole. "Umenenepa ama wanidanganya?" Nikasema nimenenepa. "Basi ni vizuri," akasema, na akaniambia nimweleze boti ziko ngapi.

Siku niliyokuwa nimejipanga, hakuweza kuniona. Angeniona nimekonda angefurahi kuliko hivyo. Najua, kwa sababu mimi sasa ni mzazi, na nitakuambia siri yetu wazazi: sisi hatuji kukagua nyumba.

Hakunilaumu hata kidogo, na mimi sikuandikii hapa ili nilie. Namshukuru Mungu kwa zile Jumapili nyingine zote. Kuna watu walipewa mashamba na baba zao wakapigana. Mimi nilipewa nyasi za bure na mtu wa kukaa naye, na nikipanga mfuko wa ndengu pale sokoni siku ambayo hakuna mnunuzi, hizo ndizo ninazokumbuka nikajikuta nacheka peke yangu.

Sasa wewe. Kigoda nimekirudisha. Usikitafute juu, nimekiweka chini kabisa ya begi, nguo juu yake, na baba yako atafunga na kamba ya mkonge ambayo huwezi kuifungua bila kisu. Kikikuumiza mgongo njiani, vumilia, ni kama babu yako mwenyewe anayerudi kwenye kazi yake. Jina lake ni lako. Wenzako wakicheka waambie kimekaa Nairobi kabla yao.

Na mimi nitakuja Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Siulizi. Nasema nakuja, kama alivyosema yeye. Chumba chako sitaki kukiona, kiwe na kitanda, kiwe na shimo, ni chako. Usininunulie soda, usikope, usinitafutie boti. Githeri nitabeba, na asali kama nyuki watakubali. Sijui bustani iko namna gani siku hizi, lakini nyasi hazijifunzi mambo mengi. Njoo na kigoda tu, utakaa wewe, mimi nitatandika leso.

Macho yangu bado mazima, Ireri. Ndengu yenye mdudu naiona kutoka mlangoni. Nataka niyatumie.

Nawasikia mnakuja, baba yako anakohoa kule kwenye lango. Wacha nipepete.

Jumapili hiyo nitasimama ukingoni pale, nitaondoa kitambaa kichwani, na nitauliza kwa sauti wenyewe wako wapi. Baba, usiniache nimesimama kwenye lami. Nijibu.

Mimi mama yako, na msichana wako